Wiki ya Sita: Niliyoyaona Pande Zote Mbili za Dawati la Wanafunzi wa Kigeni

Nilikwenda kusoma ugenini nikiwa mwanafunzi wa shahada ya pili. Nilipohitimu sikuondoka, niliajiriwa na ofisi ileile ya wanafunzi wa kigeni ambayo zamani nilikuwa nikipanga foleni mlangoni pake. Kwa hiyo nayajua yanayosemwa pande zote mbili za dawati, malalamiko ya anayesimama na visingizio vya anayekaa. Na tangu nikiwa mwanafunzi hadi leo naona jambo lilelile. Vyuo vinajua sana kumpokea mgeni. Kuishi naye ndiko kunakovishinda.

Wiki ya kwanza hakuna wa kulalamika. Kuna watu wenye fulana za rangi uwanja wa ndege, kuna mabango, kuna matembezi ya kuonyeshwa maktaba, kuna picha ya pamoja ambayo mwakani itatokea kwenye kijitabu cha kuvutia waombaji wapya. (Picha yangu ilitumika miaka kadhaa. Ninacheka sana mle ndani, maana mpiga picha alituambia tucheke.) Nilipokuja kuiona bajeti ya ofisi yetu, karibu yote ilikuwa inaishia hapo. Ukitaka kujua kama chuo kinawajali wageni wake, njoo wiki ya sita. Kazi za kwanza zimerudi na alama, vikundi vimeshagawanywa, fulana ziko stoo, na yule ambaye viza yake ilichelewa bado anahangaika na mambo ambayo wenzake walielekezwa siku ya pili.

Huyo wa viza iliyochelewa alikuwepo kila mwaka, na kila mwaka tulishangaa. Ubalozi haufuati kalenda ya chuo. Hata hivyo maelekezo yalitolewa mara moja tu, na aliyeyakosa alitumiwa faili la kurasa nyingi na kuambiwa asome. Baadaye tuligawa yale maelekezo vipande: mambo ya kulala na kujisajili wiki ya kwanza, mambo ya masomo wiki ya tatu, mambo ya mitihani na likizo wiki ya sita. Waliokuja wiki ya tatu na ya sita wengi walikuwa wamehudhuria ya kwanza pia. Siku ya kwanza mtu ana usingizi wa safari na hofu ya mahali papya. Ukimweleza kanuni za mtihani hazikai.

Na hawa si watu wachache wa kuhudumiwa kwa huruma ya mtu mmojammoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanafunzi wa vyuo waliokuwa wakisoma nje ya nchi zao walikuwa kama milioni 2 duniani. Kwa hesabu za UNESCO sasa wamepita milioni 6. Vyuo vingi vinategemea ada zao, ambazo mara nyingi ni kubwa kuliko za wenyeji. Lakini ratiba, fomu na kanuni bado zimeandikwa kana kwamba kila mwanafunzi amekulia mtaa wa pili.

Chukua fomu ya usajili. Inataka jina la kwanza na jina la ukoo. Sehemu kubwa ya dunia haijipangi hivyo. Kwa Wachina, Wavietnamu na Wahungaria jina la ukoo hutangulia. Wapo watu wengi wa Indonesia wenye jina moja tu, na Marekani mtu wa namna hiyo huandikwa FNU kwenye viza, yaani jina la kwanza halijulikani. Nimekutana na waliokuwa wakiitwa "Fnu" darasani muhula mzima. Wengine, mimi nikiwemo, tunabeba jina letu, la baba na la babu. Mfumo ulichukua la mwisho, ukaliita la ukoo, na wahadhiri wakawa wananiita kwa jina la babu yangu. Babu angefurahi, hakuwahi kufika chuo kikuu.

Hapo mtu hucheka. Hacheki tena pale kadi ya maktaba inaposema hivi, barua pepe inasema vile, na cheti cha kuhitimu kinatoka na mpangilio usiolingana na pasipoti. Mwajiri anapouliza kama aliyesoma ndiye huyu, mtu anaanza kuandika viapo. Nilipoanza kazi niliuliza kama mfumo hauwezi kukubali jina moja, na kuwe na nafasi ya kuandika "unaitwaje darasani". Wataalamu wa kompyuta waliniambia hakuna aliyewahi kuwaomba.

Yako na mengine ya aina hiyo: benki inataka anwani, mwenye nyumba anataka akaunti ya benki, kampuni ya simu inataka vyote viwili. Barua moja ya chuo yenye muhuri, ikitolewa siku ya kwanza bila mtu kuiomba, hukata mzunguko huo. Sitakaa hapo. Mazito yako darasani.

Alama, kwa mfano. Ujerumani 1,0 ni alama ya juu kabisa na 5,0 ni kufeli. Ufaransa huhesabu hadi 20, na mwenye 16 anasifiwa. Uingereza ukipata 70 uko daraja la kwanza, na wahadhiri wengi hawavuki 80 hata kazi ikiwapendeza. Sasa mlete mtu aliyezoea kwamba chini ya 90 ni aibu, mpe 66, usimweleze kitu. Wiki ya sita ofisini kwangu ilikuwa wiki ya watu wa 66. Walikuja wakidhani wameshindwa, wengine wameshaandika barua ya kuacha masomo, na mimi kazi yangu ilikuwa kuwaambia: umefanya vizuri, wenyeji wanaisherehekea alama hiyo. Serikali zimeshughulika na upande mmoja wa jambo hili. Mkataba wa UNESCO wa kutambuana sifa za elimu ya juu ulipitishwa 2019 na kuanza kutumika Machi 2023. Huo unamsaidia mtu kuvuka mlango na cheti chake. Akishaingia ndani, anasomewa maana ya alama na rafiki yake, kama anaye.

Halafu kuna semina. Kwenye kozi niliyosoma, sehemu ya alama ilitolewa kwa "ushiriki", na ushiriki ulipimwa kwa kusema. Nimesoma tangu utotoni katika madarasa ambayo mwalimu akiongea unanyamaza, na ukitaka kusema unasubiri uitwe. Pale hakuna aliyekuita. Watu walidakiana maneno, na kila nilipomaliza kupanga sentensi yangu mada ilikuwa imeshahama. Mhadhiri mmoja aliandika kwenye tathmini yangu kwamba sionekani kuvutiwa na somo. Nilikuwa nimesoma kila ukurasa, pengine kuliko waliokuwa wakisema.

Mtihani wa Kiingereza haukingi dhidi ya hilo. Wengi wetu tuliingia na alama nzuri za IELTS, ambazo kwa kawaida huhesabika kwa miaka 2. Mtihani huo unapima kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza na mtahini mmoja mwenye subira. Haupimi kumsikia mtu anayeongea haraka huku wawili wanamkatiza na wa tatu anatania jambo lililotokea kwenye televisheni kabla hujafika nchi hiyo.

Muhula uliofuata nilikutana na mhadhiri wa aina nyingine. Swali la semina alilituma siku moja kabla. Darasani alitupa dakika chache tuandike, kila mtu kivyake, kisha tuzungumze wawiliwawili, ndipo darasa zima. Baada ya kuuliza alikuwa akinyamaza kwa muda ambao mwanzoni uliwakera wenyeji. Sikubadilika mimi, nilikuwa mtu yuleyule mwenye lafudhi ileile. Lakini muhula ule nilisema kila wiki, na niligundua kuna wenyeji wawili watatu ambao nao ndiyo kwanza walikuwa wanasikika. Miaka ya baadaye, wahadhiri waliponijia kuuliza wafanye nini na "wanafunzi wenu walio kimya", niliwaeleza alivyofanya mwenzao yule. Baadhi walijibu kwamba kufanya hivyo ni kushusha kiwango. Sijawahi kuelewa kiwango gani kinashuka watu wakipewa muda wa kufikiri.

Kazi za vikundi ndizo zilizotuletea kesi nyingi kuliko zote. Mhadhiri anasema "tafuteni vikundi vyenu" na kutoka nje. Dakika kumi baadaye wenyeji wameshajipanga na waliosoma nao au wanaokaa nao, na wanaobaki wanatazamana. Kikundi cha mabaki hicho, chote kikiwa cha wageni, hakina mtu anayejua ripoti ya aina ile huandikwaje. Kimepewa jembe bila kuonyeshwa shamba. Na mgeni anayebahatika kuingia kikundi cha wenyeji mara nyingi hupewa kupanga marejeo na kuweka namba za kurasa. Mwishoni anapata alama sawa na wenzake lakini hakujifunza kitu, na wao wamethibitisha walichokuwa wakiamini tangu mwanzo, kwamba hana la kuchangia.

Nimeona dawa mbaya na dawa nzuri. Mbaya ni ile ya kugawa kwa usawa wa hesabu, mgeni mmoja kila kikundi, ili ionekane wamechanganyika. Huyo mmoja anakuwa peke yake mara tano kwa wiki. Wakiwa wawili mambo hubadilika, hata kama hawatoki nchi moja, kwa sababu kuna wa kumnong'oneza "hapa wanasema nini?" bila kuona haya. Nzuri ni mhadhiri kugawa vikundi mwenyewe, kuwataka waandike nani anafanya nini kabla ya kuanza, kuzungusha nafasi ya mwenyekiti, na kuweka sehemu ya alama kwa kazi ya kila mmoja. Inachukua nusu ya kipindi. Wenyeji ndio waliolalamika zaidi mwanzoni, na ni haki yao, maana hata wao hakuna aliyewafundisha kufanya kazi na mtu asiyezaliwa jirani. Tulikuwa tukiwafundisha wageni namna ya kuzoea wenyeji kwa saa nyingi. Wenyeji hawakuwahi kupewa hata saa moja.

Tuhuma za wizi wa kitaaluma nitazipitia kwa haraka, ingawa zilitunyima usingizi. Kuna mahali mwanafunzi husifiwa kwa kurudia maneno ya wakubwa wa fani kama yalivyo. Anafika penye kanuni tofauti, kanuni zimo kwenye waraka ambao hata wahadhiri hawajaumaliza, na kazi yake ya kwanza kabisa inabeba nusu ya alama za somo. Programu kama Turnitin inatoa asilimia ya maandishi yanayofanana na mengine. Haisemi mtu ameiba, na wenye programu wenyewe wanasema hivyo. Lakini nimewahi kukaa kwenye kikao ambacho asilimia hiyo ilisomwa kama hukumu. Idara iliyoweka kazi ndogo isiyo na alama wiki ya tatu, ikarudishwa na maelezo ya namna ya kunukuu, karibu iliacha kutuletea kesi.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo vyuo havipendi kulizungumza. Ofisi inayokufariji ndiyo hiyohiyo inayokuripoti. Marekani, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, ilianzisha mfumo wa SEVIS, ulioanza kazi 2003, ambao maofisa wa chuo huingiza humo taarifa za kila mwanafunzi wa kigeni: amejisajili, amepunguza masomo, amehama anwani. Uingereza chuo ni mdhamini wa viza, na kinalazimika kufuatilia kama mwanafunzi anahudhuria. Nchi nyingine zina yao. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi aliyeugua sonona haji kusema. Anajikokota darasani, anafeli, na anafika kwetu mambo yameshaharibika, kwa sababu aliamini kwamba neno lolote kwa mshauri ni neno kwa idara ya uhamiaji.

Mara nyingi njia ipo. Marekani, kwa mfano, mwanafunzi mgonjwa anaweza kuruhusiwa kupunguza masomo kwa jumla ya hadi miezi 12 katika ngazi moja ya shahada, mradi awe na barua ya daktari na apate idhini kabla ya kupunguza. Neno "kabla" ndilo linalowaponza, na lilikuwa limefichwa aya ya mwisho ya tovuti. Mimi nilijiwekea utaratibu: kabla mwanafunzi hajafungua mdomo, namwambia ninalazimika kuripoti mambo gani, na mambo gani yanaishia pale. Wenzangu waliona namtisha. Nilichoona mimi ni mabega yakishuka.

Sheria za kazi nazo zinaingia darasani bila kubisha hodi. Wakati wa muhula, wengi wa wanafunzi wa kigeni Uingereza hawaruhusiwi kuzidi saa 20 za kazi kwa wiki. Kanada ni saa 24 nje ya chuo tangu mwishoni mwa 2024. Australia ni saa 48 kwa wiki mbili. Mwenyeji akibadilishiwa kipindi cha maabara kutoka asubuhi hadi jioni, anampigia bosi simu na kufidia saa zake wiki ijayo. Mgeni akizifidia anaweza kuvunja masharti ya viza. Mhadhiri hajui. Alihamisha kipindi kwa nia njema kabisa.

Na sheria yenyewe hubadilika usiku mmoja. Tarehe 6 Julai 2020, katikati ya korona, Marekani ilitangaza kwamba wanafunzi wa kigeni ambao masomo yao yote yatakuwa mtandaoni hawataruhusiwa kubaki nchini. Vyuo vikuu vya Harvard na MIT vilikwenda mahakamani, na tarehe 14 amri ikafutwa. Sisi hatukuwa Marekani, lakini wanafunzi wetu walikuwa na ndugu na marafiki huko, na siku zile niliulizwa swali moja kwa namna nyingi: chuo chetu kingesimama na sisi? Niliwapelekea wakubwa swali hilo. Walinijibu kwamba jambo hilo halituhusu kwa sasa.

Hapo ndipo nilipoanza kudai mfuko wa dharura, na nadhani ndiyo kazi ninayojivunia zaidi. Vita vilipoanza Sudan Aprili 2023, vyuo vya Khartoum vilifungwa na watu wakawa hawana pa kupata nakala ya matokeo yao. Juni mwaka huohuo Nigeria iliacha kushikilia bei ya sarafu yake, naira, thamani yake ikaanguka, na familia zilizokuwa zimepanga ada kwa kiwango cha zamani zikajikuta zinadaiwa kiasi kingine kabisa. Ofisi za fedha hujibu mambo kama hayo kwa fomu ileile: leta taarifa ya benki ya mzazi. Benki ipi, mji umewaka moto? Mfuko wetu ulikuwa mdogo, lakini fomu yake ilikuwa ukurasa mmoja, na mshauri aliruhusiwa kutia saini badala ya benki. Ulikuwepo kabla majanga hayo hayajatokea. Chuo kinachoanza kuunda kamati wakati mtu ameshafungiwa usajili kwa deni kimechelewa.

Likizo fupi. Hosteli zikifungwa, mwenyeji anarudi kwao kwa treni. Mgeni anabeba masanduku kwenda kulala sakafuni kwa mtu. Kuacha jengo moja wazi na ghorofa moja ya maktaba hakukuwa mzigo kama tulivyoambiwa.

Utaniuliza kwa nini mambo mepesi namna hii huchukua miaka. Jibu langu ni kwamba wanaoyaona hawamo kwenye vikao vinavyoamua. Tuliwaalika wageni kwenye "meza ya mazungumzo" kila muhula, tukaandika maoni yao, tukawashukuru. Ratiba ilipangwa kwenye kikao kingine. Uwakilishi wa wanafunzi nao ulikuwa na kasoro ambayo sikuiona nikiwa mwanafunzi: uchaguzi ulifanyika karibu na mwisho wa mwaka wa masomo, kuchagua viongozi wa mwaka unaofuata. Shahada ya pili pale ni ya mwaka mmoja, na wengi wanaoisoma ni wageni. Wakati wa kupiga kura walikuwa hawajafika. Ulipofika uchaguzi mwingine walikuwa wanaandika tasnifu na kufunga mizigo. Hakuna aliyewazuia kugombea. Kalenda tu.

Ilibidi kusukumana sana, lakini nafasi moja ya uwakilishi ilihamishiwa wiki ya sita, ikiwa na kiti kwenye kikao cha ratiba na malipo madogo ya muda. Aliyeshinda mara ya kwanza alikuwa binti wa uhandisi, mpole, ambaye wakubwa walidhani ataomba usiku wa tamaduni. Aliomba ratiba ya mitihani itangazwe mapema, maana wanaosafiri kwa ndege hununua tiketi miezi kabla, na kila mwaka kuna waliokosa ama mtihani ama nauli. Msajili alijibu kwamba haiwezekani, vyumba vinachukua muda kupangwa. Binti akauliza kwa upole upangaji huo huisha lini hasa. Walipokwenda kuangalia, ilionekana ratiba ilikuwa ikikamilika wiki tatu kabla ya kutangazwa, ikikaa tu kwenye kompyuta ya mtu ikisubiri tarehe iliyozoeleka. Siku hizi hutangazwa ikishakuwa tayari.